Simama Upande wa Kulia

Karakana, 3 Februari

Shemeji,

Salamu nyingi kutoka kwangu, na nyingine kutoka kwa dada yako, ambaye wiki hii yuko kule shuleni na masufuria yake na atarudi Jumamosi akinuka moshi kama kawaida. Watoto hawajambo. Sasa nisikuzungushe, nina kazi nataka kukupa.

Lile jiko la mvuke ambalo nimekuwa nikikusimulia kila tukikutana, hatimaye linakamilika. Ni chombo kikubwa cha kupikia chakula cha shule nzima au hospitali, na kinapika kwa mvuke, hakuna kuni wala masizi. Kamati ya wanunuzi wamelipenda. Kilichobaki wanataka kitabu cha maelekezo, ili mpishi yeyote aweze kulitumia bila kumwita fundi. Yule bwana wa ofisini aliyekuwa akituandikia vitabu nimemwachisha kazi. Kumweka mtu mezani mwaka mzima kwa ajili ya kitabu kimoja ni kujitakia hasara, na isitoshe alikuwa akizurura karakana nzima akiwauliza mafundi maswali mpaka kazi zinalala. Nimeamua uandishi utoke nje. Wewe umeandika vitabu vya pampu za maji na vyerehani na watu wanavielewa. Kwamba ni shemeji yangu ni bahati tu, usiniongezee bei kwa hilo.

Utaratibu ni mmoja: maswali yote yapitie kwangu. Usimpigie Fundi Mkuu. Hana hamu na kitabu, na siri za karakana zikishaanza kutembea kwenye simu sitazirudisha tena. Uzinduzi ni katikati ya Aprili. Kamati wakiridhika siku hiyo, tutatengeneza majiko mpaka tuombe likizo. Wasiporidhika nitafunga lango, na watu wangu wote watarudi nyumbani kwao.

Ni mimi,
Shemeji yako


8 Februari

Shemeji mwenye mkono wa birika,

Barua nimeisoma na bei nimeiona. Nimekubali kwa sababu ni wewe. Dada mpe pole ya moshi. Kwa jinsi alivyoapa kwamba mashine zako hazitakanyaga jikoni kwake, sijui kama anajua mumewe sasa anataka kuwauzia wapishi wenzake.

Ila nina utaratibu wangu pia, na wateja wangu wote wanaujua. Siandiki hatua ambayo sijamwona mtu akiifanya. Na kitabu kikiisha nakijaribu. Namtafuta mtu ambaye hajawahi kuigusa mashine, namsimamisha mbele yake. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafanya kwa mikono kile anachosomewa, hicho tu, na haruhusiwi kuuliza swali. Akikwama, kosa ni la mwandishi. Tulipojaribu kitabu cha cherehani, jirani yangu alishona mkono wa blauzi pamoja na kitambaa cha meza, kwa sababu nilisahau kumwambia aondoe kitambaa. Tulicheka sana, nikaandika upya. Mvuke hauchekeshi namna hiyo. Mvuke ukimpata mtu, amepatikana.

Kwa hiyo naomba nije karakana japo kwa siku moja. Kama haiwezekani, basi niongee na Fundi Mkuu mwenyewe. Sitamla.

Shemeji yako,
Mwandishi


11 Februari

Shemeji,

Kuja haiwezekani. Jiko lenyewe bado limelala chini vipande vipande, na nauli yako ingekuwa juu yangu. Kazi ya nje ni ya nje, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Kama ningetaka mwandishi aje kutembea karakana, ningebaki na yule niliyemwachisha.

Nimekutafutia kitu kizuri zaidi. Fundi Mkuu amejirekodi video, hatua zote kuanzia kujaza maji mpaka kufungua mfuniko. Nilimbembeleza kama mtoto. Amejirekodi peke yake, kwa sababu kila anayemshikia simu anamgombeza kwamba mkono unatetemeka. Ameiegemeza kwenye kopo la rangi, akawa anajitazama humo kwenye simu ili asitoke nje ya picha, na kazi ikaisha. Jiko lilikuwa baridi na vibandiko vya maandishi na kipimo cha presha havikuwa vimefungwa, lakini mikono yake ni ileile. Tazama mara nyingi uwezavyo, video haichoki kuulizwa.

Lile jaribio lako la msomaji na mtendaji tutalifanya sisi huku.

Shemeji


20 Februari

Shemeji,

Nimeitazama mpaka nimeanza kumwota Fundi wako na lile shati lake la kaki. Anafanya kazi kwa mikono safi sana, ila anaongea kama anayelipia kila neno. Nina maswali.

La kwanza ndilo kubwa. Kabla ya kufungua mfuniko, mpishi anazungusha koki nyekundu iliyo katikati ili mvuke utoke. Mvuke huo unatokea kwenye mdomo wa bomba uliojificha chini ya ukingo wa jiko, ambao mtu aliyesimama hapo hauoni kabisa. Fundi anainama na kuuonyesha kwa mkono, anasema "unatokea hapa" na basi. Kwenye video ni upande wa kushoto wa mpishi. Naomba Fundi athibitishe kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa amesimama mbele ya jiko, kwamba ni kushoto. Nitawaambia wapishi wasimame upande wa pili, kwa hiyo neno hilo moja limebeba ngozi ya mtu.

La pili, akishafungua koki anasubiri muda gani kabla ya kugusa mfuniko?

La tatu, jiko la kwanza linakwenda wapi? Ningependa kumjua mpishi atakayekisoma kitabu. Naandika vizuri zaidi nikiwa na sura ya mtu kichwani.

Mwandishi


22 Februari

Shemeji,

Majibu haya. La kwanza: ni kama unavyoona kwenye video. La pili: muda wa kutosha. La tatu: kwa mteja.

Usinune. Fundi yuko juu ya paa la karakana anaziba mvua, simwezi leo wala kesho. Na mteja wa kwanza ni siri mpaka siku ya uzinduzi, kuna watu watasema nimependelewa. Wewe andika tu. Umewahi kuandika kitabu cha pampu bila kuliona tone la maji, hiki kitakushinda nini?

Shemeji


14 Machi

Shemeji,

Kitabu hiki hapa. Nimekifanya kifupi, kila hatua mstari wake, maneno ya jikoni na si ya karakana. Hatua ninayokuomba uitazame kwa macho mawili ni hii:

"Kabla ya kufungua mfuniko, simama upande wa kulia wa jiko. Nyoosha mkono, zungusha koki nyekundu polepole. Subiri mpaka sauti ya mvuke inyamaze kabisa. Usihame upande wa kulia mpaka inyamaze."

Nimeandika "usihame" kwa makusudi. Mtu akisikia mvuke unapiga kelele, atataka kukimbia, na akikimbilia kushoto ataungua. Ndiyo maana nakuuliza tena, bomba ni kushoto? Hukunijibu. Ulinirudisha kwenye video, na mimi kwenye video ndiko nilikotoka.

Na jaribio usilisahau. Mmoja asome, mwingine afanye, mbele ya jiko lenye moto.

Mwandishi


1 Aprili

Shemeji,

Hongera. Kitabu kimetoka kwa mpiga chapa, jalada jekundu, karatasi nzito inayovumilia mafuta. Nimekishika mkononi nikajiona mtu mkubwa. Mwenyekiti wa kamati amesema hajawahi kuona maelekezo yanayosomeka kirahisi namna hii, na mimi nikakaa kimya kama vile ni mimi niliyeandika.

Jaribio tumefanya. Nilimsomea Fundi Mkuu kitabu kizima ofisini kwangu wakati wa chakula cha mchana, akawa anaitikia kwa kichwa. Hakupinga hata mstari. Jiko la kwanza limeshasafirishwa na limefungwa jikoni kwa mteja pamoja na kitabu chake. Uzinduzi ni Jumatatu, tarehe 14.

Pokea shukrani, na malipo yako yapo njiani.

Shemeji


10 Aprili

Shemeji,

Nimekupigia simu asubuhi nzima hupokei. Kwa hiyo naandika, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujafanya jambo lingine lolote.

Kumsomea mtu kitabu huku anakula si jaribio. Hilo lilinikera, nikarudi kwenye video kujihakikishia mwenyewe, nikaanza na lile swali la muda wa kusubiri ambalo ulinijibu "wa kutosha". Ukutani nyuma ya Fundi kuna saa, isiyo na tarakimu, ina vistari tu. Nikasema nitahesabu kwa saa hiyo. Mshale wa sekunde ulikuwa unarudi kinyumenyume.

Nilidhani ni saa mbovu. Kisha nikalitazama lile shati la kaki. Mfuko wa kifuani uko kulia kwake, na vifungo vimekaa kama vya blauzi ya mwanamke. Nikachukua simu yangu, nikajirekodi kwa kamera ya mbele, ile ya kujitazama, nikiwa nimeinua mkono wa kulia. Nilipoitazama video, mkono ulioinuliwa ulikuwa wa kushoto. Simu zetu zinaweka picha kama kioo kinavyoweka. Fundi alijirekodi akijitazama. Wewe mwenyewe uliniandikia hivyo Februari na mimi nikasoma nikapita.

Bomba haliko kushoto, Shemeji. Liko kulia. Na mimi nimewaandikia wapishi wasimame kulia, na wasihame.

Tafadhali: jiko lisiwashwe. Piga simu huko jikoni leo, wauchane ukurasa huo. Au nipe namba nipige mimi.

Mwandishi


11 Aprili

Shemeji,

Tulia. Nimekwenda kuliangalia jiko la pili lililo hapa karakana, na ni kweli, mdomo wa bomba uko kulia. Fundi anasema kila mtu anajua uko kulia. Nilipomuuliza kwa nini hakusema siku ile nilipomsomea, alisema alidhani nasoma kulia kwangu, kwa kuwa nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza.

Basi, yametokea, tutarekebisha toleo lijalo. Kwa Jumatatu usiwe na wasiwasi. Nimeshazungumza na jikoni. Mpishi atakayelifungua aliletwa hapa karakana, alionyeshwa jiko kwa macho yake, na namjua vizuri, hasomi maelekezo hata ya dawa ya kikohozi. Atasimama anapojua. Nikiwaambia kamati leo kwamba kitabu kina kosa, kesho watauliza kama jiko lenyewe halina. Siku tatu tu, Shemeji. Nikishavuka hizo nitachapisha upya kwa gharama zangu.

Tafadhali usizungumze na mtu.

Shemeji


11 Aprili, jioni

Shemeji,

Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mpishi mmoja ameonyeshwa. Na wenzake? Jikoni hakuna mpishi mmoja. Mimi sikumwandikia aliyeonyeshwa, nilimwandikia ambaye hajaonyeshwa, na huyo ndiye atakayenitii.

Nipe jina la mahali. Ningekwishampigia Dada nikushtaki, lakini nimeona aibu kuingiza mambo ya kazi kwenye ndoa yenu. Usinifanye nijute.

Mwandishi


12 Aprili

Mke wangu,

Nimempa dereva gauni lako la Jumatatu na viatu vya watoto uvipeleke kwa fundi viatu huko karibu na shule. Pole kwa kukosa wikendi ya nyumbani, najua maandalizi ni mengi. Nashukuru sana kwamba uliinamisha kichwa chako kigumu ukakubali jiko langu liingie jikoni kwako. Uendelee kumficha mdogo wako mpaka Jumatatu ipite, nataka ashtuke kwa furaha.

Jambo moja. Siku hiyo koki uifungue wewe mwenyewe, usimwachie mtu. Simama palepale nilipokusimamisha karakana. Mengine tutaongea.

Mumeo


14 Aprili

Shemeji,

Ni mchana na hujaniandikia. Neno moja tu linanitosha.

Mwandishi


16 Aprili

Kwa Mwandishi,

YAH: AJALI WAKATI WA UZINDUZI

Nasikitika kukujulisha kwamba mpishi mmoja aliungua mkono na nyonga wakati wa kufungua jiko siku ya Jumatatu. Amelazwa na anaendelea kutibiwa. Kamati wamesimamisha maamuzi yote mpaka wapate maelezo ya maandishi.

Kama unavyokumbuka, kazi ya uandishi ilitolewa nje ya karakana, na usahihi wa maelekezo ni wajibu wa mwandishi. Nimeambatanisha barua fupi inayoeleza kwamba kosa lilitokana na maandishi na si jiko, na kwamba hakuna aliyelijua kabla ya ajali. Naomba uisaini na kuirudisha kabla ya Jumatatu.

Shemeji, naandika kikazi kwa sababu ndivyo kamati wanavyotaka. Moyoni siyo hivyo. Ukisaini, wewe utapoteza mteja mmoja. Usiposaini, mimi napoteza karakana, na karakana ndiyo inayomlisha dada yako na watoto. Lifikirie kama ndugu.

Mkurugenzi


17 Aprili

Shemeji,

Neno "kulia" niliandika mimi, na hilo sitalikana mbele ya kamati wala mbele ya aliyeungua. Lakini barua uliyoniletea inasema hakuna aliyejua. Tulijua. Mimi nilijua tangu tarehe 10, wewe tangu tarehe 11.

Mpishi gani? Anaitwaje? Nimeuliza mara nyingi jiko limekwenda wapi, sasa nauliza mara ya mwisho. Usiponiambia nitampigia Dada. Aibu imekwisha.

Mwandishi


Shuleni, 20 Aprili

Mume wangu, na mdogo wangu,

Nawaandikia barua moja, nakala mbili, ili kila mmoja asome anachoambiwa mwenzake. Nimechoka kuwa mtu wa katikati anayesalimiwa na kila upande na kuambiwa nusu.

Mdogo wangu alinipigia Ijumaa akilia. Alitaka nimuulize mume wangu ni mpishi wa wapi aliyeungua. Hakujua kwamba anazungumza na mwenye jiko. Nilimwambia aniletee barua zote, zake na zako, na nimezisoma zote, Mume wangu, pamoja na ile inayosema sisomi maelekezo hata ya dawa ya kikohozi. Ni kweli, sisomi. Kitabu cha mdogo wangu kilipofika nilikibusu, nikakifunga kwenye nailoni nikakiweka kabatini kisije kikashikwa na mikono ya mafuta. Nilikionea fahari. Ungenionyesha kaburi langu humo ndani nisingejua.

Siku ya uzinduzi nilikuwa tayari mbele ya jiko, kama ulivyoniambia. Wageni walipoingia, mwalimu mkuu akaniita nikawasalimie na kupiga picha nao. Uliniona, ulikuwa umesimama kando yangu unatabasamu. Sauti ya jiko ikabadilika, chakula kimeiva, na kamati wanatazama saa. Mama Taratibu akasema, "Dada, usihangaike, nitafungua mimi, nimekisoma."

Ninyi hammjui Mama Taratibu, kwa hiyo nitawaambia. Ndiye mpishi wangu wa pili. Tumempa jina hilo kwa sababu hakurupuki. Anaosha kisu kabla na baada, anapima chumvi kwa kijiko wakati sisi tunatupia kwa mkono, na tunamtania kwa hilo kila siku ya Mungu. Aliniomba ufunguo wa kabati, akakisoma kitabu kizima akiwa amekaa kwenye ndoo, akarudia. Siku ile alisimama upande wa kulia. Mvuke ulipompiga aligeuza uso na akabaki hapohapo. Nilimpigia kelele atoke. Hakutoka mpaka nilipomvuta. Hospitali nilimuuliza kwa nini hakukimbia. Aliniambia, "Kiliandika nisihame."

Uso umesalimika. Mkono ndio wenye kazi. Daktari anasema vidole vitarudi, lakini atavifundisha upya mmoja mmoja, na mwaka huu hatashika kisu.

Sasa nianze na wewe, Mume wangu. Ulijua Ijumaa. Ulikuwa na siku tatu na simu mfukoni. Ulinitumia gauni, na maneno mawili yaliyoniokoa mimi peke yangu. Nakasirika kuliko nilivyowahi kukukasirikia, na kinachoniuma zaidi ni kwamba nilifaidika. Ulipiga hesabu ya mkeo ukasahau kwamba jikoni kwangu wapo watu. Ile barua ya mdogo wangu kusaini nimeitumia kuwashia kuni. Ndiyo, tumerudi kwenye kuni, jiko lako nimelifunga kwa kufuli na ufunguo uko kwangu. Kamati nimewaandikia mimi mwenyewe, nikawaeleza yote, kuanzia simu iliyoegemezwa kwenye kopo la rangi. Wanaweza kukuacha. Sijui. Kama karakana itafungwa kwa sababu ya ukweli, tutakula ninachopika.

Na wewe, mdogo wangu, usidhani umepona. Uliona hatari ukaandika barua nzuri. Wewe na barua zako. Ulikuwa na namba yangu tangu tarehe 10, ukaona aibu. Ungenipigia kunisengenyea mume wangu, hata kwa dakika moja, Mama Taratibu angekuwa anakatakata vitunguu leo. Ndoa yangu haikuomba kulindwa kwa bei hiyo. Nakupenda, na nimekukasirikia vilevile.

Jiko hilo lilitengenezwa na watu wasiopika, na kitabu chake kikaandikwa na mtu asiyeliona, na ninyi wawili mlikubaliana kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa. Basi kazi iliyotolewa nje nimeirudisha ndani. Mdogo wangu, utakuja hapa. Utaandika ukiwa umekaa kwenye ndoo ya Mama Taratibu, na Fundi Mkuu atakuja na shati lake la kaki, aonyeshe kwa mkono wake mwenyewe, mtu na mtu, bila kioo. Mkimaliza, mtafanya lile jaribio mlilokuwa mkiandikiana. Nimelisoma kwenye barua ya mwanzo na ya katikati, nimelielewa. Jiko litawashwa mpaka lichemke. Wewe mdogo wangu utasoma kwa sauti. Wewe Mume wangu utazungusha koki. Utafanya unachosomewa, hicho tu, na huruhusiwi kuuliza swali.

Mimi nitakuwa mlangoni na Mama Taratibu. Ameomba awepo. Daktari amemruhusu atoke kwa saa chache.

Jaribio likiisha salama nitarudi nyumbani na wewe, Mume wangu, na tutaanza kuongea. Kabla ya hapo sitarudi.

Ni Jumamosi ijayo, baada ya wanafunzi kula. Njooni mmevaa mikono mirefu.

Dada yenu wa jikoni